Anaimba ABC, maji hajui kuomba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Nauza nguo za watoto za mtumba pale Memorial, na mume wangu ana steshenari karibu na stendi, anachapa barua na kutoa kopi. Mwaka juzi alinunua mashine mpya ya dukani, ile kompyuta ya zamani ya mezani akaileta nyumbani. Alisema hataki wanawe wakue washamba kama sisi tuliogusa kompyuta tukiwa tayari watu wazima. Nilifurahi sana wakati ule. Siku hizi nikiiona inawaka moyo unanienda mbio.

Nianze na mdogo, wa kike, maana ndiye anayeninyima usingizi. Ana miaka miwili na miezi minane. Shangazi, huyu mtoto anaimba ABC mpaka Z bila kukosea, anahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza cha puani kama wale wa kwenye katuni, na rangi zote anazitaja. Lakini akitaka maji hasemi "maji". Ananishika kidole, ananivuta mpaka kwenye ndoo, anasimama pale. Nisipoelewa haraka anajitupa chini. "Mama" anasema, "baba" anasema, na "toka" anamwambia mbwa wa jirani. Maneno mawili yaliyofuatana sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Mtoto wa nyumba ya pili waliyezaliwa mwezi mmoja naye anatoa hadi siri za kwao.

Nikitoka kwenda sokoni saa mbili asubuhi namwacha na dada wa kazi. Mimi nilijua anamwekea katuni wakati wa kupika tu. Jirani ndiye aliyenifumbua macho kwamba zinaanza nikitoka na zinazimwa akisikia nafungua geti saa kumi na moja jioni.

Krismasi tulipanda Kibosho kwa mama mkwe. Akasema mbele ya mashemeji wote kwamba mjukuu wake ameharibiwa na kompyuta na kwamba mama yake anathamini biashara kuliko mtoto. Nililia chooni. Na yeye mwenyewe anamsemesha mtoto Kichagga muda wote, wakati nilishamwomba asimchanganye lugha.

Mume wangu hataki kusikia habari hizo. Anasema wenzetu Ulaya wanaanza kompyuta kabla hawajajua kutembea, ndiyo maana wako walipo. Amepata shule moja ya chekechea, kipeperushi chao kinasema watoto wanafundishwa kompyuta tangu wakiwa na miaka mitatu, na ada ya kompyuta inalipwa mbali na ada ya kawaida. Anataka tumwandikishe Januari.

Sasa kaka yake. Ana miaka tisa, yuko darasa la nne, na ugonjwa wake ni gemu. Akirudi shule hata soksi hajavua ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pua inakaribia kugusa kioo, na kidole gumba hakibanduki kwenye kile kitufe kirefu cha chini. Zamani nilikuwa nikimfuata na fimbo kumtoa kwenye chandimu giza likiingia. Sasa wenzake wakimwita anajibu "nakuja" na haendi. Tukishalala anaamka kuiwasha bila sauti; nimemkamata saa tano usiku, na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe macho kusubiri gari la shule. Neno la siri nimebadilisha, akalijua. Nikizima kabla hajamaliza anarusha vitu na kulia kama aliyefiwa. Mwalimu ameniita, anasema anasinzia darasani na anachelewa mno kunakili ubaoni.

Naomba uniambie: kompyuta ndiyo iliyomzuia mdogo asiongee? Tulipe hiyo ada ya chekechea? Huyu wa kiume ameshakuwa mraibu? Na je, nimlazimishe mume wangu tuiuze hii mashine yaishe?

Mama wa wawili, Pasua

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa maneno ya Krismasi. Mama mkwe angeweza kukuvuta pembeni, lakini hilo tutalifikia.

Watoto wako nitawatenganisha. Kompyuta ya mtoto wa miaka miwili na ya mtoto wa miaka tisa si kitu kimoja, hata kama ni ileile iliyo mezani.

Huyu wa kike, kabla hujagusa waya wowote wa kompyuta, mpeleke akapimwe masikio. Wiki hii, usingoje Januari. Mtoto anayepata mafua mara kwa mara anaweza kujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu ukapungua, asiwe na homa wala kushika sikio, na mzazi asijue. Sauti kubwa ya spika iliyo karibu na uso wake anaipata. Maneno ya mama aliye jikoni yanamfikia nusu nusu. Anzia hospitali ya Mawenzi, uombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo wa hospitali ya KCMC. Mkiwa huko mweleze daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia, hasa lile la kukushika kidole na kukuvuta hadi kwenye ndoo. Mwambie pia kama anageuka ukimwita kwa nyuma, kama ananyoosha kidole kukuonyesha ndege au gari kwa furaha tu, kama anakutazama usoni, kama anajifanya kumlisha mwanasesere. Daktari wa watoto anatafuta mambo hayo ili ajue kama ni kuchelewa kuongea peke yake, au kuna jambo jingine la ukuaji kama usonji linalohitaji msaada wa mapema. Sikwambii mwanao anao usonji, na mtu asikwambie anao au hana kwa kusoma barua. Ila mtoto wa miaka miwili kwa kawaida ana maneno kama hamsini na ameanza kuyaunganisha mawili mawili, "maji mama", "baba kuja". Wako ana miezi minane zaidi ya hapo. Ndugu watakuambia hata baba yake alichelewa. Waitikie, kisha panda bajaji uende.

Sasa kompyuta. Je, ndiyo iliyomfunga mdomo? Nitakuambia kwa uaminifu: tafiti nyingi zinaonyesha kuwa saa nyingi mbele ya skrini na kuchelewa kuongea huenda pamoja, lakini kipi kilimleta mwenzake si rahisi kukijua, kwa sababu mtoto mkimya au msumbufu ndiye anayewekewa katuni zaidi. Kwa hiyo usijibebeshe hukumu ambayo hata wataalamu hawajaitoa.

Kuna jambo moja lakini linajulikana vizuri. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi tisa waliozoea Kiingereza wakawasikilizisha Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Kundi moja lilikaa na Mchina mwenyewe sakafuni, akiwasomea na kucheza nao. Jingine likaona watu walewale, maneno yaleyale, kwenye video, na jingine likasikia sauti tu. Waliokaa na mtu wakaanza kutambua sauti za Kichina vizuri sana. Wa video na wa sauti hawakupata kitu. Walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina kabisa.

Mtazame mwanao pale kwenye kioo utaelewa kwa nini. Katuni inauliza, "Hii ni rangi gani?" Inasubiri kidogo, inajijibu yenyewe, inapiga makofi, inaendelea. Iwe mtoto amejibu, amekosea, amelala au ametoka kwenda kukojoa, makofi yanapigwa. Haimsubiri. Wewe anapokuvuta kwenye ndoo unaweza kuinama mkawa macho kwa macho, ukasema, "Maji? Unataka maji? Maji haya hapa," na ukangoja. Atatoa kitu, hata kama ni "ma". Hapo unampa maji papo hapo na kulirudia neno zima. Kesho "ma" itakuwa "maji". Lugha ya mtoto mdogo hujengeka kwa kupeana zamu hivyo, mia kwa siku, juu ya mambo ya hovyo kabisa: kiatu kimepotea, kuku kaingia ndani, uji wa moto. ABC aliyonayo ni wimbo. Ni mzuri, usimkataze, lakini usiuhesabie kama kuongea.

Sasa piga hesabu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa tisa. Hata ukitoa usingizi wa mchana na kula, bado nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka watoto wa umri huo wawe wakitembeatembea, wakiruka na kukimbia kwa jumla ya dakika 180 kwa siku. Ukisoma hayo mawili pamoja unaona tatizo lilipo. Kioo chenyewe hakina sumu, ila kinakula muda ambao angekuwa anaanguka, anainuka, anagombania mpira na kusemeshwa.

Usimgombeze dada wa kazi. Naomba hili ulisome mara mbili. Binti huyo anafua, anapika, anadeki, na amepewa mtoto anayejitupa chini. Ungekuwa wewe ungewasha hiyo mashine saa mbili na robo. Mpe njia nyingine iliyo rahisi: akikaa kuchambua maharage, mtoto akae pembeni na sufuria yake na kiganja cha maharage yake, akifua, awe na beseni na soksi mbili za kufua. Mwambie kazi unayotaka aifanye vizuri kuliko zote ni kuongea na mtoto, na kwamba nyumba ikikutwa haijadekiwa hutauliza. Ukiweza mwongezee chochote kwenye mshahara, maana umemwongezea kazi. Na ukirudi jioni simu yako iweke juu ya kabati mpaka mtoto alale. Memorial ina wateja wengi wa WhatsApp, najua. Wangoje.

Halafu bibi wa Kibosho. Bibi huyo mliyekosana naye ndiye dawa mliyo nayo karibu kuliko zote. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kuongea; hilo limechunguzwa sana na hofu yako haina msingi. Moshi hii wamejaa watu waliokua na Kichagga cha bibi, Kiswahili cha barabarani na Kiingereza cha shule, na wanaongea mpaka unatamani wanyamaze. Mwache amsemeshe Kichagga. Zaidi ya hapo, mpandishe mtoto huko Jumamosi akashinde kihambani. Bibi anakata majani ya ng'ombe huku anayasema majani, anaita kuku, anamgombeza mbuzi, anamwuliza mjukuu swali na kumngoja ajibu kwa sababu hana haraka ya kwenda popote. Ukimpelekea mtoto kwa heshima, na yale ya Krismasi yatapungua makali. Mwanamke aliyekuaibisha mbele ya mashemeji si lazima uwe umemsamehe ndipo umpe mtoto ashinde naye.

Chekechea. Msilipe ada ya kompyuta ya mtoto wa miaka mitatu. Mimi nimefundisha darasa la awali miaka mingi, na nitakuambia ninachoangalia kwa mtoto anayeanza: vidole. Anafunga kifungo? Anamenya chungwa lililoanzwa? Anashika chaki? Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alitoa utafiti wake wa watoto wa miaka kama mitano ambao hawajajua kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine walizifuatisha juu ya alama, nyingine walibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakaoneshwa herufi hizo ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa zile walizoandika kwa mkono. Ni utafiti mdogo, sitaki ukautangaze kanisani, lakini haunishangazi. Mtoto anayechora "a" mbovu mchangani kwa kijiti amefanya kazi kubwa kuliko aliyebonyeza "a" nzuri. Ukienda kuikagua hiyo shule, kipeperushi kiache nyumbani. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi, kisha simama nje ya dirisha usikilize: wanaosikika wakiongea ni watoto au ni mwalimu peke yake?

Mumeo akisema wenzetu Ulaya, mwambie Uswidi walikwenda mbali kuliko wengi katika kuingiza vifaa vya kidijitali mashuleni, na mwaka 2023 serikali yao ikaamua kuondoa ulazima wa vifaa hivyo katika shule za awali na kutoa fedha za kununua vitabu vya karatasi.

Lakini msikilize naye, maana ana hoja, na mfano wake hauko Ulaya, uko Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, kwenye shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu. Wengi hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mashine ile iliwafaa. Linganisha na Peru: serikali yao iligawa kompyuta za watoto kwa wingi, na tathmini iliyotoka mwaka 2012 kwenye shule 319 za vijijini ikakuta alama za hesabu na lugha hazikupanda. Mimi nayasoma hivi: Tanga kifaa kilibeba somo lililopangwa hatua kwa hatua kwa lugha ya mtoto, Peru kilifika kifaa, na masomo ya darasani hayakuwa yamefungwa nacho. Na watoto wa Tanga walikuwa wa umri wa kwenda shule, lugha yao ya nyumbani wameshaijua. Wako wa miaka miwili hayumo kwenye hesabu hiyo. Kaka yake ndiye aliyemo.

Haya, kaka yake. Umeandika mambo mawili mbali mbali ambayo mimi nayaona ni moja: pua inakaribia kioo, na ubaoni anachelewa kunakili. Mwanangu, huyo mtoto huenda haoni mbali. Kabla mwalimu hajamwita mvivu na wewe hujamwita mraibu, nenda idara ya macho KCMC akapimwe. Watoto hawasemi "sioni ubao", kwa sababu hawajui wenzao wanauona. Na katika kuwakinga watoto wasipate shida hiyo, dawa inayojulikana ni ya bure. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa karibu asilimia 30, wakati kwenye shule zisizoongeza walikuwa karibu 40. Mwanga wa nje ndio unaofanya kazi hiyo, nasi tumejaliwa jua. Kwa hiyo chandimu irudi, na irudi kabla ya gemu: akitoka shule avue soksi, anywe uji, aende nje mpaka kiza. Akiwa kwenye kompyuta, kila baada ya dakika 20 ainue macho aangalie kitu cha mbali kwa sekunde 20. Mlima upo, siku mawingu yakiachia.

Usingizi ndio unaomsinzisha darasani, hapo hapahitaji mtaalamu. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Kama anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, ili apate tisa awe amelala saa mbili usiku. Saa mbili! Gemu ya saa tano inamwachia saa sita. Tena mwanga wa kioo usiku unauchelewesha mwili kujua kuwa ni wakati wa kulala, kwa hiyo hata mkizima saa mbili kasoro dakika tano atabaki anageuka kitandani. Mashine izimwe saa moja.

Kuhusu uraibu: Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini masharti yake ni mazito. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu imechukua nafasi ya kila kitu, anaendelea ingawa anaona inamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama mwaka mzima. Kulia ukimzimia katikati hakutoshi. Gemu nyingi hazihifadhi ulipofika, kwa hiyo ukizima amepoteza kazi ya saa nzima. Hata baba yake ungemzimia barua ya mteja kabla hajaihifadhi angerusha kitu. Mwonye mapema, "ukimaliza hiyo, basi", na ukisema basi iwe basi. Wiki ya kwanza atakupima kila siku. Ukilegea Jumatano, Alhamisi utaanza upya.

Kitu kingine, gemu za intaneti zenye kuongea na watu asiowajua zifutwe leo. Hilo halina mjadala.

Kinachobaki ni kumbadilishia kazi kwenye hiyo kompyuta, na hapo ndipo baba anapohitajika. Sasa hivi mtoto anaitikia mashine. Inamrukisha naye anaruka. Kuna programu ya bure inaitwa Scratch, ilitolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 kwa watoto wa kuanzia miaka minane hivi. Mtoto anapanga vipande vya amri, anaunda gemu yake mwenyewe au hadithi yenye picha zinazotembea. Ina lugha ya Kiswahili, na ikishawekwa inafanya kazi bila bando. Baba aipakue kule dukani, aje nayo kwenye flashi. Itamchosha mtoto siku za kwanza, maana gemu yake itakuwa mbaya kuliko zile anazocheza, na paka wake atakwama ukutani. Mwacheni ahangaike. Jumamosi aende steshenari saa mbili tatu akajifunze kuchapa kwa vidole vyote kumi, si kile kidole gumba kimoja. Mumeo anataka mtoto asiwe mshamba wa kompyuta; mwambie umekubali, na mwalimu ni yeye. Ukiliweka hivyo sidhani kama atakataa, na hutakuwa umegombana na mtu.

Kuhusu kuiuza, msiiuze. Mkiiuza kijana atahamia kwenye simu yako, na simu inaingia chini ya shuka. Dude lile la mezani ni zito, lina kelele, linakaa sebuleni na kila anayepita anaona kinachoendelea. Hiyo ndiyo kompyuta salama kuliko zote kwa nyumba yenye watoto. Mtafutie kiti kinacholingana na meza, ile ndoo irudi kwenye maji. Na habari za neno la siri achana nazo, huyo atalijua tu. Waya wa umeme wa nyuma ya mashine unachomoka: saa moja jioni uchomoe, ukalale nao chumbani kwako, na asubuhi ukitoka uende nao Memorial kwenye mkoba.